Ngoma ya Korongo la Olbalbal

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje tangu mvua za huko Mbinga zianze? Dada aliniambia bado unapanda mlimani kuchuma kahawa, nami sikushangaa, maana najua hukatazwi. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio una hofu, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungesikia sauti yangu ikitetemeka.

Unakumbuka nilikwambia shule imenipa kazi ya ngoma, kwa ajili ya tamasha la wanafunzi kule Karatu. Mwanzo niliwafundisha ngoma ya kwetu. Waliicheza sawasawa, lakini walikuwa kama watu waliovaa nguo za kuazima. Nikawaambia waiache, kila mmoja atunge mwendo unaoonyesha mahali anapotoka, mtu akitazama ajue ni huku na si kwingine. Mmoja akacheza upepo wa vumbi. Wengine wakacheza punda waliobeba madumu ya maji. Msichana mmoja wa kidato cha pili, Nashipai, alitembea taratibu, akashuka kama anayeingia shimoni, akanyoosha mkono nyuma kama wa kumshika mtu, kisha akaganda.

"Halafu?" nikamuuliza.

"Hakuna halafu, madam."

"Mbona mkono umebaki nyuma?"

Akanong'ona, "Hapo ndipo mdogo wangu alipochukuliwa na maji."

Mama, sikuelewa. Maji gani, katika nchi hii ambako watu hutembea asubuhi nzima kutafuta dumu moja? Niliona tu wenzake wote wameinamisha vichwa. Mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa kijiji cha Oloipiri, alinieleza baadaye kwamba kwao aliyekufa hatajwi ovyo. "Baba yake akisikia, atakuja," alisema. Tangu hapo nikawa nashtuka kila nikiona mzee wa shuka jekundu getini.

Na kweli alikuja. Mzee mrefu, fimbo begani, akasimama mlangoni mwa darasa nikiwa nafundisha. Chaki ikanidondoka.

"Wewe ndiye unayemfundisha mtoto wangu kumcheza aliyeondoka?"

"Nisamehe, mzee. Sikujua."

"Najua hukujua. Hujafika pale." Aliwatazama wanafunzi, kisha akanigeukia. "Jumamosi utakuja."

Nilitamani kukataa. Mkuu wa shule akasema nisipokwenda itaonekana dharau, basi nikaenda na yule mwalimu mwenzangu. Tulifuatana na mzee na Nashipai kwenye uwanda mkavu hadi kwenye korongo la Olbalbal, mfereji mpana wa mchanga ambao watoto wa ng'ambo huuvuka kila siku kuja shule. Jua lilikuwa kali. Juu yetu hapakuwa na wingu hata moja. Tukashuka hadi chini, mzee akanionyesha mahali ambapo mtoto wake alisimama kurekebisha kiatu chake cha tairi. Jina hakulitaja.

Kisha akainua fimbo. "Nyamazeni."

Sikusikia kitu. Nashipai alikuwa ameshageuza uso kuelekea milimani, ambako kulikuwa kumetanda wingu jeusi. "Madam, toka," akasema, akanivuta mkono. Ndipo nikausikia, mngurumo kama wa lori lenye mzigo, na mchanga ukawa unatetemeka chini yangu. Nilipanda ukingo kwa mikono na magoti, sketi ikachanika. Nilipogeuka, pale tulipokuwa tumesimama palikuwa na maji mekundu yanayobeba matawi na mawe. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, juu kule. Sisi hata tone halikutugusa. Nililia, Mama, nimekaa chini mbele ya mzee wa watu. Hakunicheka.

"Sasa umefika," alisema. "Acha acheze. Jina lisitajwe. Na wote uwafundishe kusikiliza."

Tukaenda kucheza Karatu. Katikati ya ngoma wote huganda na kugeuza shingo upande mmoja, kimya, halafu hukimbilia juu, na mkono wa Nashipai hubaki nyuma, mtupu. Hatukushinda. Waamuzi walisema ngoma yetu haina shangwe. Lakini siku hizi nawaona hata watoto wadogo wa shule ya msingi wakifika kwenye korongo wanasimama, wanageuza shingo kama walivyowaona dada zao wakifanya, ndipo wavuke. Walimu wengine hucheka. Mimi siwezi. Usingizi wangu umekuwa mwepesi, na siwaruhusu wanafunzi kwenda nyumbani kabla sijatoka nje kutazama milima.

Mfikishie shikamoo yangu shangazi Kolumba, mwambie sketi aliyonishonea nimeitia kiraka. Msalimie mjomba Gaudensi wa mashine ya kukoboa, na mdogo wangu Deusi asiache kukusaidia kuteka maji. Ukienda kanisani, watoto hawa uwaombee kwanza, mimi baadaye.

Ninapokuandikia, milima haionekani, wingu limeifunika. Nimewazuia watoto wa ng'ambo wasiondoke, wamejaa darasani kwangu na wananiuliza kama wanaweza kwenda. Nashipai amesimama mlangoni, ameinamisha kichwa upande mmoja akisikiliza. Kila nikimtazama ananiambia, "Bado, madam."

Mwanao anayekuwaza,
Eufrasia