Picha Ndiyo Inayosafiri

Mdogo wangu mpendwa Paulina,

Kadi hii ina tembo wa Ngorongoro, lakini mimi hapa Karatu nimeona makubwa kuliko tembo: Ester wangu akiwa kazini kwenye maabara ya hospitali!

Mzee mmoja wa kijiji cha Kakesio kamleta mkewe mwenye uvimbe kwenye titi. Alipokatwa kinyama cha kupima, mzee akasikia kitasomwa na daktari wa mbali, akainua fimbo: “Nyama ya mke wangu haipandi basi kwenda kwa watu nisiowajua!” Ester hakubishana. Akamwonyesha kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu, kimelala kwenye kioo. “Baba, hiki kinabaki hapa. Inayosafiri ni picha yake.” Mashine ikakipiga picha, daktari bingwa aliye mbali akaisoma kwenye kompyuta.

Leo jibu limefika: ni saratani, ila inatibika. Mzee akasema, “Ng'ombe wana wachungaji. Nabaki mpaka apasuliwe.”

Sasa wewe na huo uvimbe wa shingoni, eti utapimwa baada ya mavuno! Mahindi watayavuna wanao. Ester keshaandika jina lako upimwe Jumatatu. Nakupenda sana, kwa hiyo usitume salamu; jilete mwenyewe.

Dada yako,
Mama Ester