Kumfokea Mzee Pyo

Jumamosi, 28 Oktoba

Tumeshinda. Ngome bado ni yetu. Sauti imenikauka kabisa, hapa nanywa maji ya moto na asali kama bibi kizee.

Wale wa Mwewe, wapinzani wetu kwenye mchezo, walikuja karibu mara mbili yetu. Lakini wao wana watu watatu wanaoamuru kwa pamoja, na kila mmoja anataka asikike yeye. Sisi Chungu Cheusi tuna mdomo mmoja – wangu. Nikisema kushoto, watu thelathini wanaenda kushoto. Nikisema rudi, wanarudi, hata kama rafiki yao anaanguka mbele ya macho yao. Siri yenyewe ndiyo hiyo. Hakuna uchawi.

Kiazi nimemfokea tena. Huyu mganga wetu ana kazi moja tu, kukaa nyuma langoni na kuponya majeruhi. Lakini akimwona mtu anakufa kule mbele, huyoo, anamkimbilia kama kuku aliyeona mahindi. Nikamwambia: "Kiazi, hayo ni masikio au vishikio vya sufuria? Rudi nyuma!" Yeye haongei kamwe. Maikrofoni yake imezimwa tangu siku aliyojiunga. Anaandika tu kwenye chati, "Ndiyo", kisha anarudi. Nadhani ni mtoto wa shule, anacheza kwa kuwaibia wazazi. Nampenda sana huyu mtoto, sijui kwa nini.

Kesho tunakutana ana kwa ana, mara ya kwanza. Wazo la Kyu-wan, naibu wangu, yule mbeba ngao. Mimi sikulitaka. Katika kikosi chetu hakuna kuulizana umri, na sheria hiyo niliiweka mwenyewe, kwa sababu nawajua watu wetu. Sisi tukishajua nani kamzidi mwenzake hata mwaka mmoja, basi, kila kitu kinabadilika, hadi namna ya kushika glasi. Kyu-wan anasema nina woga. Kweli ninao. Halafu nitavaa nini?


Jumapili, 29 Oktoba

Jamani, jamani.

Tulikutana kwenye mkahawa wa nyama ya kuchoma, nyuma ya stesheni ya Daejeon. Mwanzoni raha tupu. Kyu-wan nilimwazia jitu la miraba minne – kumbe kijana mwembamba, anauza samaki wa mapambo, mikono imejaa mikwaruzo ya paka wake. Moshi, mpiga mishale wetu, ni binti wa chuo mwenye kicheko cha kuvunja vyombo. Tukatukanana kwa furaha kama tunavyofanya mtandaoni. Moshi akaniambia sauti yangu ni kubwa kuliko mimi. Na kweli, wote walitegemea mwanamke mnene wa makamo.

Mlango ukafunguka. Akaingia mzee. Nywele nyeupe, tai shingoni, amebeba kasha la mapeasi kwa mikono miwili. Tukajua amekosea meza. Akasimama mbele yetu akauliza kwa upole kama hapa ndipo kwa Chungu Cheusi, kisha akasema, "Mimi ndiye Kiazi."

Meza nzima ilisimama kwa mpigo mmoja. Vijiti vya kulia vikaanguka. Mimi niliinama hadi nikahisi joto la mkaa usoni. Jana tu nimemwita huyu mtu vishikio vya sufuria! Anamzidi umri baba yangu.

Anaitwa Pyo Gi-taek, ana miaka sitini na minne, anatoka Cheongju. Alikuwa mwalimu wa udereva, sasa kastaafu. Akapewa kiti cha heshima, mbali na mlango. Hakuna aliyegusa nyama mpaka yeye aguse. Vijana wakawa wanageuza uso pembeni na kufunika glasi wakinywa soju, adabu ya kunywa mbele ya mkubwa. Mazungumzo yakafa. Akajaribu kutoa utani, tukacheka wote haraka mno na kwa nguvu mno. Niliona amejua.

Alikula kidogo. Alikuwa anatutazama mmoja mmoja kama anayetafuta watu aliowaacha mahali. Tulipotaka kulipa, kumbe kalipa zamani.


Jumatatu, 30 Oktoba

Dukani. Bosi Tak anasema nawauzia watu miwani kwa sauti ndogo hadi wanafikiri nawaficha bei. Laiti angenisikia Jumamosi. Sijui yule mimi wa Jumamosi anatoka wapi. Nampenda kuliko huyu wa dukani.


Jumamosi, 4 Novemba

Ngome imekwenda.

Nataka kuandika jinsi ilivyokuwa, maana bado siamini. Moshi alianguka mbele. Kiazi akamkimbilia, kama kawaida yake. Nikafungua mdomo nifoke. Kilichotoka ni hiki: "Mzee, samahani sana, kama hutajali, ungesogea nyuma kidogo..." Kabla sijamaliza kuwa na adabu, Mzee Pyo alikuwa ameshakufa.

Haikuishia hapo. Mchezo ukamfufua, akarudi, akaenda mbele tena. Kyu-wan akaacha lango akaenda kumkinga na ngao. Sikumwamuru! Wakamfuata watatu. Kisha wengine. Kila mtu anamlinda mzee, lango halina mtu. Mwewe wakaingia kama wanaingia jikoni kwao.

Na kuna jambo jingine, hili linaniuma zaidi. Niliposema kushoto, hawakwenda kushoto. Yaani walikwenda, lakini walichelewa kidogo, pumzi moja. Nikawa nimesimama peke yangu kushoto, mjinga.

Siku zote nilidhani wananitii kwa sababu ya sauti yangu. Sivyo. Kila mmoja anatii kwa kuwa anaamini wa pembeni yake naye atatii. Basi. Akisamehewa mmoja, kila mtu anasita kidogo amwangalie mwenzake. Na kwenye vita ile kusita ndiyo kifo.

Baadaye Kyu-wan akanitafuta faragha. Watu wananung'unika, wawili wanawaza kuhamia Mwewe. Anashauri mzee awekwe akiba, asiingie vitani, abaki na jina la mshauri. Kwa heshima, kasema. Nimemjibu nitafikiria. Heshima gani hiyo ya kumtoa mtu mlango wa nyuma?


Jumatano, 8 Novemba

Leo kaja dukani!

Nilikuwa nafuta kioo, naona tai. Mzee Pyo. Eti miwani yake ya kusomea imechoka. Cheongju yote imejaa maduka ya miwani, yeye kapanda basi hadi Daejeon, hadi duka nililolitaja mezani ile Jumapili. Bosi Tak alikuwa pale pale, nami nikamkalisha kwenye mashine, kidevu juu ya kiegemeo, asome tarakimu.

Akawa anaongea huku kidevu kimekaa pale pale, pole pole, bosi asisikie. Amekuja kuaga. Hataki kuondoka kimya kimya mtandaoni kama mwizi. Nikamuuliza kama tumemkosea. Akasema hapana, mmenitendea vizuri mno, ndilo tatizo.

Mkewe alifariki, sasa ni vuli ya pili. Binti zake wanapiga simu kila jioni kuuliza kama amekula. Kwenye basi watoto wanamwinukia. Daktari anamweleza bintiye ugonjwa, na yeye mwenyewe amekaa pale pale. "Watu wote wananisemesha kama nimelazwa," akasema. "Halafu kulikuwa na binti mmoja tu, anangoja Jumamosi aniulize kama nina masikio. Wiki nzima nilikuwa naisubiri Jumamosi hiyo."

Nikabadilisha lenzi bila sababu.

Akaendelea. Miaka yote ya kazi amewafokea wanafunzi wakanyage breki, kwa hiyo kufoka anakujua. Yule aliyemwona hawezi kabisa, hakumfokea. Alimsemesha kwa upole, akamrudisha nyumbani na pesa zake. "Sasa ninyi mmeanza kunisemesha kwa upole."

Nilimwambia ukweli. Nataka, ila mdomo haukubali. Nimelelewa hivyo, nikimwona mtu wa umri wake mgongo wenyewe unainama. Akasema nijaribu. Hapa hapa, sasa hivi. Bosi Tak yuko nyuma yangu anapanga fremu! Masikio yaliniwaka moto. Mwishoni nikanong'ona, "Kiazi, tuliza kichwa, unakitikisa kama bata."

Akakituliza. Mabega yakawa yanatetemeka kwa kicheko.

Nikamwambia akibaki basi habaki nusu. Sheria zote zitamhusu, na kisima pia. Kwetu anayekaidi amri hutolewa nje ya ngome, anakaa kisimani raundi nzima inayofuata, anawatazama wenzake wakipigana. Wote tumewahi kukaa pale ila yeye, kwa kuwa siku zote nikifoka anarudi. Akasema sawa, hilo hasa ndilo analolitaka.

Miwani alinunua kweli. Bosi Tak akanisifu, mteja katoka na furaha, nimemwambia nini. Nikasema nimemwambia atulie.

Usiku huu nimelia kidogo. Siyo kwa huzuni, au siyo yote.


Ijumaa, 10 Novemba

Nimewatangazia kwenye chumba cha sauti, Mzee Pyo akiwemo. Kesho hakuna mzee. Kuna Kiazi. Atakayemwita vinginevyo aende Mwewe.

Kisha Kyu-wan akasema kwangu ni rahisi kusema, ngoja tuone kama sitainama mambo yakiharibika. Hakusema kwa ubaya. Anajua ninavyoinama.

Wale wawili hawajahama. Wanangoja kuona kesho. Nadhani wote wanangoja.


Jumamosi, 11 Novemba

Naandika kwenye mapumziko. Hedifoni ziko kichwani, kalamu mkononi, mwandiko huu mbaya kesho sitaweza kuusoma. Raundi mbili zimekwisha, sisi moja, Mwewe moja. Ya tatu ndiyo itakayoamua kama ngome inarudi kwetu.

Ya kwanza tuliichukua vizuri mno. Nilimfokea Kiazi mara ya kwanza nikajikwaa nusu, "Mz... Kiazi, nyuma!" Mtu akacheka. Mara ya pili ikatoka safi. Ya tatu nikasahau kabisa ni nani. Na wenzangu wakarudi kuwa kitu kimoja, kushoto ikawa kushoto. Nilisikia mwili mzima umelegea kwa furaha.

Ya pili. Mimi mwenyewe nilikwenda mbele kuwavuta Mwewe watoke, na nilijua nitakufa. Ndio mpango. Nikaita rudi, kila mtu langoni mwa kambi yetu, niacheni. Wote wakarudi. Kiazi hakurudi. Akaja. Akakatiza uwanja mzima, mishale inamfuata, akaniponya nikasimama.

Nimeokoka, ndiyo. Na langoni hakukuwa na mganga. Wenzetu wanane wakafa pale wakimsubiri. Raundi ikaenda.

Wote wanajua sheria, nami naijua. Kyu-wan akaniandikia faragha: Kamanda, amekuokoa wewe, na ni mzee wa watu, fumba macho mara moja tu, kila mtu ataelewa. Kweli wangeelewa. Hata wale wawili. Na raundi ya tatu bila mganga ni wazimu, Mwewe wanao watatu.

Nikamwona akilini yuko peke yake kule Cheongju, nyumba imetulia, miwani niliyomuuzia puani. Nikaiona ile meza, kiti cha mbali na mlango, na sisi tunacheka haraka mno. Nikawasha maikrofoni. Mgongo ulitaka kuinama, Kyu-wan alisema kweli.

"Kiazi. Kisimani. Raundi ya tatu huchezi."

Safari hii hata "Ndiyo" yake hakuandika. Nikamwona mganga wetu anatembea pole pole kutoka nje ya lango, anakwenda kukaa penye ukingo wa kisima. Nimefanya nini? Nimemfukuza mtu mzima mbele za watu, mgane, aliyekuja kunisaidia. Mama angenisikia angenipiga kofi.

Kisha kitu kikakwaruza masikioni. Maikrofoni ngeni. Sauti nzito ya kiume, ya mtu aliyezoea kushinda kelele za injini.

"Hii ni dhuluma!"

Kiazi! Amefungua maikrofoni.

"Sasa hivi ungekuwa maiti wewe! Mimi nimekatiza uwanja mzima, nimekula mishale, halafu shukrani yangu ni kisima? Kamanda gani huna hata haya? Ningekuwa mkaguzi ningekunyang'anya leseni!"

Hakuna anayekaa kisimani bila kulalamika. Moshi alitukana mpaka mtandao ukamkatikia, Kyu-wan alinuna wiki nzima. Lakini sikutegemea. Nikawa sijui niombe radhi au nini, ndipo Moshi akapasuka kwa kicheko chake kile na kumwambia, "Kaa chini Kiazi, acha kudeka!" Na Kyu-wan, Kyu-wan mwenyewe, akafoka: "Umetuua wanane, wewe! Unajua nilikungoja vipi pale langoni?" Kiazi naye akamjibu kwamba mbeba ngao anayengoja mganga ndipo apigane ni kifuniko tu cha sufuria. Sasa wanagombana wote kwa pamoja, thelathini, kelele tupu, na kila mmoja anamtukana naye anawarudishia.

Nimeziba maikrofoni kwa kiganja ili wasisikie ninavyolia.

Mganga hatuna. Huenda tukapigwa vibaya, na wale wawili wakahama kesho. Pembe imelia, lango linapanda, na bado analalamika, inabidi nimwambie afunge mdomo ili wengine wanisikie