Jibu la Amondi

Mama yangu uliye huko Plateau,

Huku Kiplombe tuko salama. Mahindi yamefika magotini, na yule kuku wako mweupe ameangua vifaranga saba. Baba amejifunza kupika chapati, ingawa bado zinatoka ngumu.

Mama, kuna jambo sijawahi kukuambia. Siku ile wewe na Baba mlipoachana mahakamani, hakimu alipotuuliza tunataka kukaa na nani, alianza na mimi kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Nikasema Baba. Sikuwa nimekukasirikia. Sikutaka tu kuhama shule na kuacha marafiki zangu. Mdogo wangu Amondi, na miaka yake sita, alinitazama kwanza, halafu akasema, "Mimi pia, kama Aluoch." Hakimu akaandika.

Asubuhi hiyo Amondi alikuwa ameficha nguo zake ndani ya begi lako. Nilizitoa mimi, kabla hujaondoka.

Sasa ana miaka minane na bado hulala na leso yako. Juzi nilimwambia Baba yote. Akasema Amondi aje kwako Jumamosi. Barua hii ataileta mwenyewe.

Muulize tena, Mama. Muulize mimi nikiwa sipo.

Ni mimi niliyejibu kwanza,
Aluoch