Karanga za Kuhesabia Kikohozi

Njoro, Moshi
Jumapili, mwezi wa saba

Wapendwa wazazi wangu, Baba na Mama,

Shikamooni. Mmeamkaje hapo nyumbani? Uwele umekwisha kupurwa? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa au bado anatutania? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na sababu yake mtaisikia humu humu.

Mama, kabla Baba hajaendelea, nina ombi. Najua amevaa miwani, amekaa kwenye kiti chake mlangoni penye mwanga, nawe uko kwenye mkeka unasikiliza. Inuka kidogo. Chota konzi moja ya karanga, ulete na bakuli tupu. Kila Baba akikatisha kusoma ili akohoe, tia karanga moja kwenye bakuli. Usiseme neno, tia tu. Baba, nawe usikasirike, hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi, kuhesabu vikohozi vya watu. Na usiruke aya. Ukijikaza usikohoe, Mama ataona, maana ukijikaza macho yako hutoka machozi. Hilo nalo litiliwe karanga.

Baba, uliandika kwamba majirani wanasema nimeajiriwa kukusanya mate ya watu. Waambie si mate, ni makohozi. Tofauti yake nimeieleza kwa watu wengi kuliko nilivyopata kueleza kitu kingine chochote tangu nizaliwe. Mate yanatoka mdomoni, makohozi yanatoka chini kifuani, na asubuhi kabla ya chai ndiyo yanayofaa.

Kazi yenyewe ni hivi. Hospitali zina vitabu vya wagonjwa wa kifua kikuu, na wakubwa wakitaka kujua ugonjwa umeenea kiasi gani wanajumlisha vitabu hivyo. Lakini kitabu cha hospitali kinamjua aliyekwenda hospitali tu. Yule anayekaa nyumbani akinywa maziwa ya moto na asali, akisema ni baridi, hakimjui. Sisi tumetumwa kumtafuta huyo. Vijiji vimepigiwa kura, na kijiji kikishatajwa tunaingia nyumba hadi nyumba, aliye mzima na asiye mzima, wote tunawauliza maswali yale yale. Anayekohoa zaidi ya wiki tatu tunampa kikopo. Jumla ikipatikana ndipo wajue dawa ziagizwe kiasi gani na wauguzi wapelekwe wapi. Kijiji kikionekana hakina wagonjwa hakipelekewi kitu. Kwa hiyo nikikosea mimi, anaumia mtu ambaye hata jina lake silijui.

Na nimekosea. Ndiyo maana naandika.

Tulikuwa Mwika, juu huku mlimani. Mwezi huu kuna ukungu mpaka saa nne, na njia ni za matope, zinapita katikati ya migomba na kahawa hata hujui umetoka kwa nani umeingia kwa nani. Watu ni wakarimu. Katika nyumba tatu nimelishwa kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, mpaka nikashindwa kupanda kwenda nyumba ya nne. Lakini ukitaja kifua, nyuso zinajifunga. Siku hizi mtu akikonda na kukohoa hawasemi ni kifua, wanasema ni ule mwingine, ule ambao hautajwi. Mbege, pombe yao ya ndizi, wanainywa kwa kata moja inayozunguka, kila mmoja anapiga funda anampa mwenzake. Mtu akishasemwa, kata inaanza kumruka. Hakuna anayemfukuza, inamruka tu. Nimewaona watu wazima wanaoogopa hilo kuliko kufa.

Anayetutangulia ni balozi wa nyumba kumi, Mzee Elinami, mtu mwembamba mwenye koti la mtumba linalomfika magotini. Siku hiyo alitupeleka kwa Bibi Aikande, mjane, mzee wa kanisa. Tulimkuta uani anachambua kahawa na mjukuu wake wa kike.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Umetoka mbali, miguu yako inasema."

Nikamweleza, nikafungua daftari, nikamuuliza swali la kwanza kama lilivyochapwa: jana wamelala watu wangapi katika nyumba hii?

"Nyumba hii?" Akaitazama nyumba yake ya bati kana kwamba anaihakikisha. "Wawili. Mimi na huyu mjukuu."

Nyuma ya migomba mtu akakohoa. Nikauliza ni nani.

"Kule tunafuga ng'ombe," akasema Bibi.

Baba, ulinilea na ng'ombe. Najua ng'ombe akila majani makavu anakohoa, na kikohozi chake kizito unaweza kukidhania cha mtu. Nikacheka, nikasema hata kwetu wanakohoa hivyo. Nikaandika watu wawili, wanaokohoa sifuri. Mzee Elinami alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimwona akivitazama, nikadhani ni matope.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba huku mtu hana nyumba moja. Ana kihamba, yaani shamba lake la urithi, na ndani ya kihamba kuna paa mbili au tatu. Kuna nyumba ya bati ya wageni na ya kulala, kuna jiko, na kuna nyumba ya zamani ya nyasi wanamofungwa ng'ombe, yenye joto na kitanda pembeni. Swali letu liliandikwa na mtu anayekaa mjini chini ya paa moja.

Wiki tatu baadaye tulikuwa bado kata hiyo hiyo, tumekaa kwenye ofisi ya mtendaji. Bibi Aikande akaja kwa miguu. Hakukaa. Alikuwa ameshika jani refu la kijani, limefungwa fundo, kwa mikono miwili, akaja moja kwa moja kwangu. Jani hilo linaitwa isale. Ni mmea wanaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Mzee Elinami alipoliona akavua kofia.

"Pokea," akaninong'oneza. "Hili ukiletewa hukatai. Hata aliyemuua ndugu yako akija nalo, unakaa naye mnazungumza."

Nikapokea. Sikujua nimekosewa nini.

"Sikukudanganya, mwanangu," Bibi akasema. "Uliniuliza nyumba hii. Anaeli wangu hajalala nyumba hii tangu Pasaka. Lakini nilijua unachouliza, na Mungu anajua nilijua. Sasa anatema damu. Njoo umwandike."

Tukaenda. Anaeli, mwanawe, alikuwa mpagazi, anawabebea watalii mizigo mlimani. Mtu aliyekuwa anapanda mpaka kwenye barafu na gunia kichwani, siku ile hakuweza kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kushika ukuta. Ng'ombe watatu walikuwa wanatafuna karibu na kichwa chake. Akajitahidi kuamka anisalimie. Nikaona aibu, Mama, sina neno lingine. Mimi nilicheka nikisikia kikohozi cha mtoto wa watu nikaandika sifuri.

Siku hiyo hiyo kikopo chake kilipofika Moshi, vijidudu vilionekana kwenye darubini. Ameanza dawa. Muuguzi wa zahanati anamtazama akimeza, kila siku. Juzi Mzee Elinami aliniambia Anaeli ameomba machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, na akamaliza bakuli.

Mnadhani yaliishia hapo. Nilikwenda kwa mkuu wetu, daktari, nikamwambia nataka kufuta sifuri ya Bibi Aikande niandike moja. Akakataa.

"Atatibiwa," akasema. "Ila hatuwezi kumhesabu. Siku ya kuhesabu ilikwishapita."

"Lakini yupo! Nimemwona kwa macho yangu!"

"Yupo. Sasa niambie, Tabitha. Nikimwongeza huyu kwa sababu mama yake alikuja, wale ambao mama zao hawakuja nitawaongezaje?"

Nilitoka nje nikalia nyuma ya gari. Nilimkasirikia siku mbili. Siku ya tatu nikaona kwamba swali lile linamuuma naye, ndiyo maana anavuta sigara mfululizo. Kwa vijiji vilivyobaki amebadilisha swali. Sasa tunauliza wa kihamba chote, chini ya kila paa, na tunaomba kuonyeshwa paa zenyewe. Kule Mwika karatasi ya Bibi ina sifuri mpaka leo, kwa mwandiko wangu mzuri ule uliokuwa unausifu, Baba. Nikizipanga karatasi nyingine natazama kila sifuri najiuliza hii nayo ina nani nyuma ya migomba.

Sasa tuje kwenu.

Petro, mtoto wa shangazi, alipita hapa na lori la vitunguu akielekea Holili. Tulikula pamoja stendi. Nikamuuliza habari za Baba, akasema hajambo, akanyamaza. Nikamwambia, Petro, mimi kazi yangu ni kuuliza watu wanaonyamaza. Ndipo akasema: "Mjomba ametoboa mkanda tundu jipya. Halafu akatoboa la pili."

Barua yako ya mwisho, Baba, ilikuwa na wino wa aina mbili. Ulianza na bluu, ukamalizia na nyeusi, na mstari wa kwanza wa wino mweusi ulisema "nina kikohozi kidogo cha vumbi la kupura." Barua ya ukurasa mmoja hukuimaliza kwa mkao mmoja. Na kikohozi hicho hicho ulikuwa nacho nilipokuja Pasaka, kabla uwele haujakatwa. Vumbi gani hilo linalomwingia mtu kabla ya mavuno?

Maswali yetu ni manne. Kikohozi zaidi ya wiki tatu? Jasho usiku hata kukiwa na baridi? Kupungua? Damu? Kila nyumba ninayoingia nikifika swali la tatu naona mkanda wako. Nimeshawauliza Wachaga wengi sana, na mtu ninayemjibia moyoni kila mara ni wewe. Mawili najua jibu. Mawili anajua Mama, na hasemi kwa sababu wewe ndiye unayemwandikia barua zake.

Nakumbuka siku ya kuniaga. Nilikuuliza mbele ya mchungaji na wageni kama umepima kifua. Ukaweka kijiko chini ukasema, "Kahesabu hao Wachaga wako. Mimi usinitie kwenye daftari lako." Tangu siku hiyo barua zako karibu zote zinahusu mvua na bei ya alizeti. Baba, nilikosa. Baba mtu mzima haulizwi hivyo mbele ya watu, kama mtoto aliyekojoa kitandani. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha nimesoma. Nisamehe.

Ndani ya bahasha kuna jani. Litakuwa limekauka, lakini fundo lipo. Ni lile lile la Bibi Aikande. Nilimwomba ruhusa nilipeleke kwetu, akauliza kwa nani, nikamwambia kwa baba yangu. Akasema, "Mpelekee. Mwambie mimi nilichelewa kulichuma." Najua wewe si mtu wa huku, na jani la Wachaga halikufungi. Lakini umelishika sasa hivi, Baba. Lishike vizuri.

Ninachoomba ni kimoja. Nenda hospitali ya wilaya Jumanne, lori la alizeti linashuka siku hiyo. Toa makohozi ya asubuhi, kutoka chini kabisa, yako mwenyewe. Dawa za ugonjwa huu hazilipiwi. Ni miezi minane, mirefu, lakini hesabu miaka uliyomngoja ng'ombe mwekundu. Na Mama naye aende, kwa kuwa mnalala chumba kimoja. Kama si hicho kifua, nitaona aibu mara ya pili na nitaifurahia.

Naogopa, wazazi wangu. Nasema wazi kwa sababu barua haina uso wa kuficha. Naogopa kuwa mtu aliyezunguka mlima mzima akiwatafuta wagonjwa wa wenzake huku wa kwake amemwacha kwenye kiti mlangoni.

Nisalimieni shangazi, mwambieni Petro anakula vizuri na hajaoa Holili kama wanavyosema. Nisalimieni mchungaji, na waambieni wale wageni wa siku ile kwamba nimeomba radhi. Babu mwangalizi wa kisima nimemnunulia tumbaku, ingawa kwa kazi yangu sipaswi. Bibi Aikande naye anawasalimu, ameniagiza niandike jina lake.

Basi Baba, umefika mwisho. Umesoma vizuri, kama kawaida yako. Vua miwani, upumzike.

Mama, sasa zimwage karanga za kwenye bakuli. Zihesabu kwa sauti, ili naye asikie.

Mtoto wenu,
Tabitha