Gitaa la Mashaka Limelia

Alhamisi, tarehe kumi Rajabu

Limelia! La Mashaka, si langu. Mimi niliyefika Bombay na Durban, niliyemweleza mwenyewe kwamba kuna gitaa la umeme la kulaza mapajani, langu limebaki bubu kama gogo.

Magitaa hayo tuliyojiundia wenyewe tuliyaunga kwa zamu kwenye redio dukani kwa Salimu, Kariakoo nzima ikichungulia. Mashaka akagusa sumaku ya gitaa langu, ile ya kunasa sauti, kisha nyuzi.

"Kaka, umetia shaba. Sumaku haijuani na shaba."

"Lakini zinang'aa," nikasema. Salimu alicheka mpaka akakalia gunia la mchele.

Yeye nyuzi zake kachambua kwenye kamba ya chuma iliyotupwa bandarini! Na Jumamosi ndiye atakayepiga dansini, kwenye kiti nilichokitaka mimi. Nimeona wivu, hata sahani ya wali nimeisukuma kando.

Ana shida moja tu. Anatelezesha kisu juu ya nyuzi, nacho kinakwaruza. Akaniomba kile chuma changu laini nilichotoka nacho melini. Nikamwambia kimezama baharini pale Magogoni.

Kilikuwa mfukoni.

Basi, kesho nitampelekea. Nitasema samaki amekitapika. Lakini akithubutu kucheka, nakirudisha mfukoni.