Nimejenga Kinu cha Dhahabu, Kimetoka Mashine ya Unga

Anti Celina, shikamoo. Mimi si mtu wa kuandikia magazeti, magazeti huwa nafungia misumari, ila safari hii nimebanwa na nakuomba uniokoe kabla ya Jumapili, maana Jumapili ikipita ama nitakuwa fundi mwenye kazi ya kudumu ama nitakuwa kichekesho cha Kariakoo nzima.

Kwanza unijue. Nina miaka ishirini, shule niliishia darasa la sita kwa sababu mwalimu hakupenda kupitwa akili, nafua mabati mtaa wa Gerezani, na bila kujisifu hakuna kitu cha bati ambacho nikikitazama mara moja siwezi kukitengeneza, iwe koroboi, jiko, funeli au sanduku la mwanafunzi, uliza mtu yeyote, ila usimuulize Muhiddin wa banda la pili, yule ana wivu.

Sasa kuna mfanyabiashara mmoja, Bwana Ravindra, ana duka la vyombo hapa Kariakoo, na tangu mambo ya ruksa ya kuingiza bidhaa yaanze duka limefurika chupa za chai mpaka mlangoni. Anaishi juu ya duka na mama yake, Bibi Champaben. Huko juu Anti utacheka, mtu mzima na kitambi chake ana chumba kizima cha kuchezea treni! Treni ndogo za umeme, alitumiwa na binamu yake wa Uingereza, kichwa cha treni kinaenea kwenye kiganja, na zinazunguka juu ya meza kubwa kuliko kitanda changu, kuna milima, kuna daraja, kuna na vichaka vya sponji. Nilipeleka funeli nikaziona nikaangua kicheko, akaniambia, "Unacheka nini wewe? Ungepewa ungelala nazo." Nikaacha kucheka, maana ni kweli.

Akanieleza kwamba meza ile ni mgodi wa dhahabu wa zamani huko bara, baba yake alikuwa fundi wa mitambo pale, na yeye mwenyewe alizaliwa pale, wakahama akiwa na miaka mitatu. Siku hizi mgodi umefungwa na mitambo imeng'olewa. Mezani reli ipo, mikokoteni ya mawe ipo, kinachokosekana ni kile kinu kikubwa cha kusagia mawe, na kinu kama hicho hakiuzwi popote duniani, lazima mtu akae akijenge kwa mikono yake kuanzia ukuta wa kwanza. Mama yake anatimiza miaka sabini Jumapili hii, ndugu wote watakuja, na anataka amshtukize kwa kumfungulia mlango aone mgodi wake mzima mzima. Halafu akaniuliza, "Umewahi kuona kinu cha mgodi?"

Anti, ungenijibia nini? Nikamwambia, "Bosi, mimi? Nimekulia humo."

Mimi sijawahi kuvuka mto Ruvu.

Ila usinione mzembe, utafiti nilifanya. Nilikwenda Mnazi Mmoja kuna jamaa anauza kahawa, watu husema aliwahi kuchimba dhahabu, akanichorea kinu mchangani kwa kidole, kufika katikati mteja akaja akasimama juu ya mchoro. Nikaenda Buguruni kwa rafiki yangu Ramadhan anayeendesha mashine ya kusaga mahindi, nikamuuliza, akaniambia, "Kaka, kusaga ni kusaga. Mahindi, mawe, kinachobadilika ni meno tu." Nikaona maneno ya kisomi hayo. Nikapima mashine yake kila upande, nikarudi Gerezani nikaanza kazi.

Na kazi, Anti, niache kidogo nijisifu, ni kazi! Nilichukua dereva wa treni, ana urefu wa kucha ya dole gumba, nikampima, mlango nikaujenga wa kumtosha yeye, ngazi ya kumtosha yeye. Kuta ni vijiti vya aiskrimu. Paa ni ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikaibonyeza juu ya kitana mpaka ikatoka migongo kama bati la kweli, nikaipaka majani ya chai ikashika kutu. Ndani nikaweka mdomo wa kumiminia, bomba la kupanda juu, na mfuko wa kitambaa wa kukamata unga. Nje nikapanga kina mama wa njiti za kiberiti, wamevaa vipande vya khanga, wamejitwika ndoo za mawe, wanasubiri zamu. Bwana Ravindra alipowaona akauliza, "Hawa ni nani?" Nikasema, "Foleni, bosi. Dhahabu ina foleni siku zote." Akanikumbatia. Akakizunguka kinu mara sijui ngapi akiinama kuchungulia madirishani, akasema anafungua karakana ya kutengeneza makabati ya vioo ya madukani, na mimi nitakuwa fundi wake, kwa mshahara, si kibarua.

Basi juzi nikaitwa kule juu nilehemu mpini wa birika la Bibi Champaben, bosi hayupo, chumba cha treni kimetiwa kufuli kwa ajili ya Jumapili. Bibi akanipa chai, akaniuliza kazi yangu, nikamwambia fundi wa bati, akasema, "Marehemu mzee wangu naye alikuwa fundi. Fundi wa kinu." Nikasema mh. Akaendelea mwenyewe, sikumuuliza, kwamba ndani ya kinu kulikuwa na michi ya chuma, mizito, imesimama mstari, inapanda inashuka, inapanda inashuka, usiku na mchana, mpaka vikombe vinacheza kabatini. "Jumapili wakiisimamisha kusafisha," akasema, "watoto wanaamka wanalia. Ravi wangu alikuwa hivyo. Kimya kilikuwa kinamtisha."

Nikamuuliza, "Na unga, Bibi, unatokea upande gani?"

"Unga gani, baba? Mawe yanapondwa na maji. Linatoka tope. Tope linapita juu ya sahani za shaba, dhahabu inanasa pale. Mbona unatoka jasho, una homa?"

Anti, nilishuka zile ngazi mbio, chai nikaiacha nusu. Nimemjengea mashine ya posho! Nimemwambia Ramadhan, yeye anasema, "Nyamaza, bibi mwenyewe macho yamefifia, ataona bati linang'aa atafurahi, chukua kazi yako." Mimi nusu naona ana akili, nusu naona tunamdhulumu bibi. Bosi hakumbuki kitu kuhusu ule mgodi, anayejua ukweli ni bibi peke yake. Sasa nishauri: ninyamaze nipate kazi, niseme niikose, au nikipige kiwiko kwa bahati mbaya kidondoke tuseme ajali? Majina yabadilishe, nina heshima zangu.

Fundi Asiyeshindwa, Gerezani.

ANTI CELINA ANAJIBU

Asiyeshindwa, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini, nikampa naye asome, akafika kwenye ile foleni ya ndoo za mawe akaketi. Ya pili sikucheka sana.

Hicho kiwiko kiweke mfukoni. Kinu hicho hakitadondoka. Ukikivunja utakuwa umeharibu kitu pekee cha kweli ulichokifanya katika kisa hiki kizima, kwa sababu mtu anayebonyeza karatasi ya sigara juu ya kitana akatoa bati ni fundi, nakubali, na nisingependa kulirudia neno hilo maana kichwa chako hakihitaji mbolea.

Ila una ugonjwa wa mafundi wote wa mji huu. Mteja akiuliza "unaweza?" mnajibu "naweza" kabla hajataja kitu. Nina kabati nyumbani mlango wake unafunguka kwa ndani, lilitengenezwa na mwenzako. Ulipoulizwa kama umewahi kuona kinu ulitakiwa kujibu hapana, halafu uulize nani amekiona. Angekujibu nini bosi wako? Angefikiri kidogo, angesema, "Mama." Badala yake ukaenda kwa muuza kahawa, ukaenda Buguruni, ukauliza kila mwanamume mwenye mdomo, na mwanamke aliyeishi na ule mshindo usiku na mchana alikuwa chumba cha pili anakunywa chai. Bosi wako naye simwachi. Kushtukiza watu kuzuri, lakini mnajenga maisha ya mama wa watu bila kumuuliza neno, kisa mnataka kuona atakavyoshtuka? Raha hiyo ni ya nani?

Na huyo Ramadhan na habari zake za macho kufifia. Soma barua yako mwenyewe. Bibi hakukwambia kinu kilikuwa na rangi gani. Alikwambia vikombe vinacheza na mtoto wake analia kwa kimya. Mtu anayekumbuka hivyo humdanganyi kwa bati linalong'aa. Nitakwambia Jumapili itakavyokuwa ukinyamaza: mlango utafunguliwa, ndugu watapiga makofi, na yeye atatabasamu aseme ahsante mwanangu, kwa sababu ni mama na hawezi kumwaibisha mwanawe mbele ya watu. Halafu wageni wataondoka, na yeye atabaki anatazama mfuko wa unga mahali alipokuwa anasimama mumewe. Hicho ndicho unachoniombea ruhusa, kijana. Sikupi.

Fanya hivi. Nenda kwa bosi wako mwenyewe, usimtume mtu, wala usimbebe Ramadhan kama ngao. Mwambie: sikuwahi kuona kinu, nilikudanganya, mama yako ameniambia kilivyokuwa na hiki sicho. Hapo nyamaza. Najua kunyamaza kunakuuma, jikaze. Akifoka, mwache afoke, haki yake. Akimaliza, mwombe afungue hilo kufuli leo hii na amlete mama yake mezani, kabla ya wageni. Kuta ziko sawa, paa liko sawa. Ng'oa bomba na mfuko, kaa chini kwenye sakafu, na mbele ya bibi utengeneze hiyo michi kwa misumari, ipande na ishuke, na ipige kelele. Akisema ndivyo, ndivyo. Akisema sivyo, vunja uanze tena. Jumapili ndugu wakikuta kazi haijaisha na mwenye sherehe anakukaripia kuhusu njia ya maji, hakuna atakayedai kuharibiwa sherehe.

Kazi unaweza kuikosa. Sikufichi. Lakini ukiipata kwa uongo, kila akikutuma kitu kipya utakuwa unakimbilia Buguruni.

Mwisho, na hili ni la haraka. Majina yote nimeyabadilisha kama ulivyotaka, la bibi, la bosi, hata la Muhiddin mwenye wivu. Lakini ndugu yangu, Kariakoo hii kuna nyumba ngapi zenye treni juu ya meza? Gazeti limetoka asubuhi hii na linauzwa milangoni mwa maduka yote mtaani kwenu. Una muda mpaka bosi wako amalize kunywa chai. Kimbia.