Gari Lako na Mteremko wa Kamachumu

Mpenzi wangu Baba Alinda,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya gari lako, hapa uani kwetu Kitendaguro, injini imezimwa. Sijaliwasha tangu lirudi kwa fundi, karibu wiki mbili sasa. Kuku wa jirani wameshalizoea, jua likipanda wanajilaza chini yake kama kwao. Alhamisi kuna mtu anakuja kulitazama, na akiridhika ataondoka nalo. Kabla hajafika nataka nikueleze yote, kwa sababu ninaogopa, na tangu tuoane nikiogopa wewe ndiye niliyekuwa nakusumbua.

Unakumbuka siku ulipolileta? Nilikuwa na mimba ya Alinda, miezi saba. Ulianza kupiga honi tangu kule kwa fundi cherehani, majirani wote wakatoka kuona kuna nini. Kumbe ni wewe, umekaa juu huko, limetumiwa na watu wengine kabla yetu hilo gari lako la kijani, lakini umelisugua linang'aa. Ukaniambia, "Panda, mke wangu." Nipande vipi na tumbo lile? Ikabidi ukalete kigoda cha jikoni. Kigoda hicho hakikurudi jikoni tena, kimo humu nyuma ya kiti mpaka leo, ndicho anachopandia mama yako. Nikakuuliza, watu wawili na nusu tunahitaji gari la ukubwa huu la nini? Ukacheka, ukasema, "Hili si la kwetu. Hili ni la Ijumbi."

Na kweli likawa la Ijumbi, kijijini kwenu. Wagonjwa wa Ijumbi, maharusi wa Ijumbi, magunia ya kahawa ya wajomba zako. Mama yako alijua mlio wake likiwa bado barabarani, hata kona ya kibanja chake cha migomba hatujaikata. Tukifika tunamkuta ameshasimama mlangoni, "Nyegera! Nyegera!", anatukaribisha, na sufuria imeshabandikwa. Hata mbwa alilijua. Gari lingine lolote lilibwekewa mpaka mwenyewe aogope kushuka, letu lilipokelewa kwa mkia.

Kasheshe ilikuwa siku ya kurudi. Najua, kwetu mtu hatoki kibanjani mikono mitupu, sijaolewa jana. Lakini mama yako alizidisha. Mikungu ya ndizi juu ya keria, mikungu kwenye buti, maharage, magimbi, na mwisho kabisa akamwani yako ya kutafuna njiani, kahawa iliyofungwa vizuri kwenye ganda la mgomba, anaisokomeza mwenyewe kwenye mfuko wa mlango wa dereva. Mimi nikinung'unika, wewe unamchochea. Msimu wa mvua, barabara ya kutoka kwenu ikiwa tope tupu, ulikuwa unamwambia, "Gari tupu linateleza, Mama. Ongeza." Naye anaongeza, anafurahi. Niliona ni mzaha wenu tu.

Mimi ulinifundisha kuendesha kwa kelele. Usikatae. Siku ile niliyoshuka nikakuachia gari katikati ya barabara, nikaanza kutembea kwa miguu kurudi nyumbani, ulinifuata polepole nyuma yangu, kichwa nje ya dirisha, ukiendelea kufundisha: "Teremka na gia ile ile ambayo ungepandia! Breki ni ya kusimamia, siyo ya kuteremkia! Umesikia?" Watu wanatucheka. Nilikujibu kwamba sitaendesha tena maishani mwangu. Sikujua kwamba ningekuja kuendesha nikikupeleka wewe kuzikwa.

Kwa maana ndilo lililokubeba, Baba Alinda. Ndugu zako walitafuta gari la hospitali, nikakataa. Tulilaza viti vya nyuma, ukaingia vizuri, na mimi nikashika usukani kwa sababu sikutaka mtu mwingine akupeleke. Miaka mitatu imepita. Nilikiacha kiti cha dereva pale pale ulipokiacha wewe, nyuma kabisa, cha mtu mwenye miguu mirefu. Mimi mfupi. Kwa hiyo naweka mito miwili mgongoni, naendesha nimeegemea mito. Watu wakiniuliza nasema kiti kimekwama. Hakijakwama. Sijawahi hata kukijaribu.

Sasa nikuambie kilichotokea.

Tulikuwa tunarudi kutoka Ijumbi, mimi na Alinda. Mama alikuwa amepakia mpaka nikaona aibu kupita pale Kamachumu sokoni, watu wangedhani nahama. Mikungu tisa, acha vingine. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi lakini barabara ilishakauka. Tukaanza kuteremka. Nilikuwa nimeweka gia ya tatu badala ya ya pili, nakiri, na nilikuwa nakanyagakanyaga breki, yale yale uliyonikataza. Katikati ya mteremko nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Nikakanyaga tena. Pedeli ikaenda chini, chini, ikagusa sakafu, na gari likaendelea kama vile sijafanya kitu.

Sina maneno ya kukueleza woga ule. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Nilijiondoa kwenye ile mito, nikajivuta mbele mpaka nikawa nimekalia ukingo wa kiti, nikaingiza gia ya pili kwa nguvu, gari likapiga kelele nikadhani limepasuka, nikavuta handibreki, nikalipeleka kushoto kwenye ukingo wa udongo. Likajisugua pale, likajisugua, likasimama. Mkungu mmoja ukakatika kamba, ukaanguka juu ya boneti mbele ya macho yetu. Nikageuka kumtazama Alinda. Alikuwa amejikunyata, ameziba masikio kwa mikono. Baadaye sana, tumeketi kwenye nyasi, akaniuliza, "Mama, kama ni Baba, angeweza?" Nikamwambia Baba asingefika huko. Sikujua kama namsifia Baba yake au najilaumu.

Fundi wako, yule wa siku zote, alilivuta mpaka mjini akalala chini yake saa nzima. Alipotoka alikuwa anajifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama Alinda," akasema, "pedi nitabadilisha. Zilichemka kwa mzigo, hilo dogo. Lakini mabomba ya breki yameliwa na kutu, na chasisi nayo imeanza. Nikiziba hapa patatoboka pale."

"Lakini litatembea?"

"Litatembea. Mimi kutembea siogopi, naogopa kusimama." Kisha akatazama kiti. "Na wewe unaendeshaje umelala namna hii?"

Nikamwambia kimekwama.

Usiku huo, na kila usiku uliofuata, niligeuka kitandani nikifikiri. Nikiuza hili, nitapata gari dogo la kutosha mimi na mtoto, jipya kidogo, breki nzima. Lakini gari dogo halibebi Ijumbi. Nilimwona mama yako kwenye mlango ule, ananitazama nashuka kwenye kigari kisicho na keria, anaelewa mambo ambayo sijasema: huyu ameshakata kamba, ndizi za mwanangu hazitaki tena, kesho ataletwa na mwanamume mwingine. Unajua maneno ya watu wa kwenu. Mjane akinunua hata viatu, wanauliza anakwenda wapi. Niliogopa gari, nikaogopa kuliuza, sikujua ninaogopa lipi zaidi. Na wewe nilikuogopa, kwamba ningekuwa nauza kitu cha mwisho ulichokilalia.

Mwishowe nikaona bora nimwambie Mama mwenyewe. Jumamosi iliyopita nilimwacha Alinda kwa dada yangu, nikapanda gari la abiria hadi njia panda, nikatembea. Mbwa alinibwekea. Fikiria, mbwa wetu. Mama hakuwa mlangoni, kwa sababu hakusikia kitu. Nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua maharage.

Hakusema nyegera. Alisema, "Gari liko wapi?"

"Liko nyumbani, Mama. Breki zilikataa."

"Wapi?"

"Mteremkoni, tukitoka Kamachumu. Siku ile tulipotoka hapa."

"Na mtoto alikuwemo?"

"Alikuwemo. Mzima, Mama. Wote wazima."

Aliweka ungo chini. Mimi nimesimama kama mwanafunzi aliyefanya kosa. Halafu akauliza, "Mikungu ilikuwa mingapi?"

"Tisa."

"Tisa," akasema. "Kumbe tisa haikutosha."

Sikumwelewa. Nikamuuliza haikutosha nini.

"Kulishikilia chini," akasema. "Mwanangu aliniambia gari tupu linateleza. Alipokuwepo yeye, mtu mzito, sikuhangaika. Lakini wewe, mwana wange, u mwepesi, na mtoto ni mwepesi. Tangu aondoke, mkiondoka hapa mimi silali wala sili mpaka unipigie kwamba mmefika. Nikawa naongeza. Kila mkija naongeza mkungu."

Baba Alinda, nikaketi kando ya ungo wake. Miaka mitatu nimemnung'unikia yule mama moyoni, kwamba ananitwisha mizigo kama punda, kwamba anataka kila mtu mjini ajue kibanja chake kinazaa. Kumbe alikuwa anaogopa kama mimi. Alikuwa anatufunga na ardhi kwa kitu pekee alichokuwa nacho. Na maneno yalikuwa yako, uliyasema kwa mzaha siku ya mvua ukasahau kumwambia kwamba ni kwenye tope tu, kwamba mteremkoni uzito ndio unaosukuma. Nikukasirikie? Nilikukasirikia, ndiyo, pale pale, nikaangalia kaburi lako kati ya migomba nikataka kukuita uje ueleze mwenyewe.

Fundi alikuwa ameniambia breki zilichemka kwa mzigo. Neno lilinifika mdomoni. Ningelisema, angejua kwamba ni mikono yake iliyokaribia kumuua mjukuu wake, na angebaki nalo peke yake ndani ya nyumba ile, akizungukwa na migomba. Nikamwambia, "Ni kutu, Mama. Mabomba yamekula kutu. Gari limezeeka tu." Ni kweli, lakini nusu. Nusu nyingine nimekuletea wewe, ikae huko uliko.

Akauliza, "Linatengenezeka?"

Na hapo ndipo nilipoamua, wala si kwa sababu ya fundi. Kama lingebaki, angeendelea kuongeza. Angefika kumi, angefika kumi na mbili, akitulinda. Ili nimzuie ingebidi nimwambie.

"Halitengenezeki," nikasema. "Nanunua dogo. Hayo madogo yameshikamana na barabara yenyewe, hayahitaji uzito."

"Kweli?"

"Kweli, Mama."

Akapumua. Niliona mabega yake yakishuka. "Basi lisirudi hapa," akasema. "Nimeshazika mmoja." Wakati wa kuondoka alinikatia mkungu mmoja tu, mdogo, akauzungushia majani. Akauliza kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona kwake, "Huu utaruhusiwa kwenye gari la watu?" Nikaubeba kichwani mpaka njia panda. Sijawahi kubeba mzigo wake kwa furaha namna ile.

Kwa hiyo nauza. Nimetoa kigoda. Nimetoa ganda la mwisho la akamwani lililokuwa mlangoni, limekauka, bado linanukia. Na sasa hivi, kabla sijaanza kuandika ukurasa huu, nimeweka mkono chini ya kiti, nikavuta. Kimelia kidogo, kimekuja mbele. Miguu yangu imefika kwenye breki, unyayo mzima, bila mito. Nimelia sana, Baba Alinda. Kilikuwa kinasogea muda wote.

Bado naogopa. Naogopa yule mtu wa Alhamisi, nitamwonyesha kila penye kutu lakini naogopa huenda ana watoto. Naogopa mteremko ule hata na breki mpya, nitauteremka na gia ya pili mpaka nizeeke. Ila kubwa ni hili, na usinicheke. Mama yako nimeshamwambia, Alinda anajua, mbwa atazoea. Wewe pekee ndiye sijui nitakuambiaje, kwa sababu miaka yote hii umenisikia nikija kwa mlio wa gari lile.

Jumamosi ijayo, ukisikia kigari kidogo kimesimama karibu na migomba yako na mbwa anabweka, usidhani ni mgeni. Ni mimi.

Mkeo,
Mama Alinda